Kifurushi Kimoja kwa Kila Mgonjwa

Kawempe, Kampala
Jumatatu, 3 Machi 1975

Nabalayo,

Leo sikuiti Mama. Salamu pia sina, usizitafute humu ndani.

Ni mimi Lamunu, mke wa Koplo Opoka, yule polisi mrefu uliyemtibu bandama mwaka ule wa sabini na moja. Ulikuja nyumbani kwetu kila asubuhi na kikombe chako, ukampa dawa kwa mkono wako, na Opoka akapona, akarudi kazini kwa miguu yake. Kwamba baadaye aliitwa na wakubwa wake akaenda na mpaka leo hajarudi, hilo si kosa la dawa. Kwa hiyo Aber alipovimba ubavu wa kushoto, sikuhangaika kuwaza nitakwenda kwa nani.

Aber unamjua. Ndiye aliyekuwa akikaa chini ya meza yako sokoni anakumalizia njugu. Sasa ana miaka tisa. Hospitalini walinipa karatasi yenye jina la dawa, dawa yenyewe hawana. Nimezunguka maduka yote nayo. Wanaisoma, wanairudisha, wananiambia jaribu kwingine.

Wewe walipokufungia kibanda mwaka jana kwa kuwa u Mkenya, tuliambiwa dawa zako zitakuja kwa basi na kugawiwa kwenye stoo ya jeshi kule Kasubi, katika duka lililokuwa la Mhindi. Nikaenda. Nilisimama kwenye foleni tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Sajini mmoja, Kamis, amekaa na daftari. Anaandika jina la mgonjwa, si jina lako wewe uliyesimama. Nikasema, Aber binti Opoka. Akanipa kifurushi kimoja cha jani la mgomba. Nikamwuliza inanywewaje. Akasema, "Kama zamani."

Basi nikampa kama zamani, kijiko kimoja kwenye maji ya moto asubuhi. Jumamosi akaanza kuendesha, nikasema ni vizuri, hata baba yake ilianza hivyo. Jumapili aliendesha mara kumi na moja. Leo nimeacha kuhesabu. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani, na akilia machozi hayatoki.

Leo nimerudi stoo. Sajini akafungua daftari, akaweka kidole kwenye jina, akasema, "Huyu amekwisha pewa. Rudi Aprili."

Umetia nini humo, Nabalayo? Ni kwa sababu ulipofukuzwa sokoni sisi wateja wako tulinyamaza? Ni kweli tulinyamaza. Lakini kama una hasira na Uganda, Aber si Uganda. Nijibu upesi, na ujibu dawa, usijibu maneno.

Lamunu


Chwele, Bungoma
13 Machi 1975

Lamunu mwanangu,

Barua yako imelala njiani siku kumi. Naijibu kabla sijaketi, na ninampa kondakta wa basi mkononi ili isipite posta.

Kabla ya lolote: acha kumpa. Usimpe hata kijiko kimoja zaidi. Mpe maji yaliyochemka, tia chumvi kidogo na sukari ukiipata, na uji wa wimbi mwepesi, kidogo kidogo, hata kama anatapika. Halafu nenda Kisugu kwa ndugu yangu Cleopas, ana gome kwenye debe. Umwambie nimesema akupe lote.

Sasa nisikilize. Dawa ya bandama si moja, ni mbili. Ya kwanza ni mzizi, unafungua tumbo, unanywewa siku tatu. Ya pili ni gome la mti wa huku mlimani, linafunga tumbo na kurudisha nguvu, na linaanza siku ya nne asubuhi. Ndivyo nilivyompa Opoka, ila wewe ulikuwa ukiona kikombe tu, hukuona ninachotia. Kumpa mtu mzizi bila gome ni kufungua zizi ukaenda zako sokoni. Utarudi ukute nini?

Mimi vifurushi navifunga viwiliwili kwa kamba moja ya katani, fundo moja. Havijawahi kutoka nyumbani kwangu kimoja kimoja, hata siku moja. Nani amekata kamba yangu? Na Cleopas nilimweka pale stoo ili awaeleze watu kwa mdomo, na ameniandikia mwezi jana kwamba mambo yanakwenda sawa. Alikuwa wapi wewe unapewa nusu ya dawa?

Umeniuliza nimetia nini humo, yaani mimi ni mtia sumu. Nimewazalisha wenzako, wake za polisi, usiku na mchana, sikuwahi kuuliza huyu ni kabila gani, na leo Lamunu ananiandikia sumu. Neno hilo tutalizungumza tukionana, maana limenichoma. Lakini kwanza mtoto. Niambie yu hali gani. Andika hata mstari mmoja.

Nabalayo Wanyama


Chwele, Bungoma
13 Machi 1975

Kwa Sajini Kamis, Stoo ya Kasubi

Bwana Sajini,

Mimi ndiye mwenye dawa. Hunijui kwa sura lakini mizigo yangu inafika mezani kwako kila wiki mbili.

Nataka unijibu neno moja: nani alikata kamba? Nilikuletea jozi mia, unawapa watu nusu nusu. Kuna mtoto wa miaka tisa huko Kawempe anaendesha tangu tarehe mosi kwa sababu stoo yako ilimpa dawa ya kufungua ikamnyima ya kufunga. Mama yake alipokuja kuuliza, ukamwambia arudi Aprili. Tumbo la mtoto linajua Aprili ni lini?

Ukiwa na askari ukampa bunduki leo na risasi mwezi ujao, utasema umempa silaha? Mpe mtoto huyo kifurushi cha pili leo hii. Wengine wote uliowaandika kwenye daftari lako, waite.

Sikuogopi, Bwana Sajini. Niko ng'ambo ya mpaka, na hata ningekuwa hapo mbele yako ningesema hivi hivi.

Nabalayo Wanyama


Stoo ya Ugawaji, Kasubi
22 Machi 1975

Kwa Mama Nabalayo Wanyama

Barua yako ya tarehe 13 imefika na nimeisoma mara mbili. Nakujulisha kwamba lugha yako si nzuri kwa mtu wa serikali. Naijibu kwa sababu mimi ni mtu wa haki na sitaki iandikwe kwamba Kamis ameiba.

Mimi sikuiba hata gramu. Nilipokabidhiwa stoo hii, aliyekuwapo kabla yangu alikuwa anatoa kwa mlango wa nyuma. Mke wa mkubwa anachukua kumi, maskini wa Kawempe anarudi mikono mitupu. Mimi nilikataa. Nikasema, sawasawa kwa wote. Sukari tunagawa kilo moja kwa nyumba, sabuni mche mmoja, na dawa kifurushi kimoja kwa kila mgonjwa kila mwezi. Nilipofungua mzigo wako nikakuta vimefungwa viwiliwili. Vyote viwili ni unga, rangi moja, uzito mmoja, jani moja. Nikaona huyu mama anawapa watu mia vya watu mia mbili. Nikakata kamba. Watu mia mbili wakapata. Mkubwa wangu alinisifu mbele ya kikosi kizima.

Juu ya ndugu yako Cleopas. Huyo nilimfukuza mwezi wa kwanza. Alisimama mbele ya foleni akisema kifurushi hiki na kile si kitu kimoja. Nikamwambia, vizuri, nionyeshe tofauti, niandike. Akasema hawezi, ni siri ya dada yake, alikula kiapo. Sasa mimi niendeshe stoo ya serikali kwa siri ya dada yake? Nikajua anataka kurudisha biashara ya mlango wa nyuma.

Tena nakujulisha kwamba wateja wako si watu wa nidhamu. Tarehe tano mwezi huu niliwakuta wanawake nyuma ya ukuta wanabadilishana vifurushi, wanaonja onja. Hiyo ni magendo. Niliwatawanya na kuvirudisha stoo vyote thelathini na sita, vipo, vimeandikwa. Mmoja, mwanamke mrefu, Mwacholi, alining'ang'ania mkono na kunitukana mbele ya askari wangu. Ningeweza kumtia ndani. Sikumtia. Hiyo nayo uiandike kwenye barua zako.

Yule mtoto unayemsema, kama jina lake lipo kwenye daftari, atapata cha pili tarehe mosi Aprili kama kila mtu.

Sajini Kamis
Msimamizi wa Stoo


Kawempe
25 Machi 1975

Mama Nabalayo,

Aber alifariki Alhamisi, tarehe sita. Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa. Uji wa wimbi nilikuwa nimempa tayari, na maji ya chumvi pia, sikungoja kufundishwa.

Nakueleza yote, usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu.

Jumanne nilikwenda Kisugu mwenyewe, kabla ya barua yako. Cleopas nilimkuta anaosha sufuria kwenye hosteli ya wafanyakazi. Huyo ndiye ndugu yako anayekuandikia mambo sawa. Sajini alimfukuza tangu Januari, akaona haya kukuambia. Debe lake tupu, gome alikuwa ameligawa kwa watu waliomfuata, mpaka likaisha. Nikamkokota mpaka kwangu. Alipomwona Aber alikaa chini akajifunika uso. Nikamwambia, usilie hapa, sema. Akasema, aliapa mbele yako. Nikamwambia, apa tena mbele ya huyu mtoto kwamba hutasema. Ndipo akasema. Weka chembe kwenye ulimi. Mzizi unatia ganzi, gome linatia ukakasi. Basi. Siri yenyewe ndiyo hiyo, Nabalayo, inaingia kwenye nafasi ya punje moja ya mtama.

Jumatano nilikwenda Kasubi na mzizi uliobaki. Nyuma ya ukuta wa stoo nikawauliza wanawake, nani ana kifurushi, nionjeshe. Walidhani nimerukwa na akili. Mmoja, Amito, anakaa Kasubi hapo hapo, akanifungulia chake. Mdomo wangu wote ukakazana kama nimetafuna ndizi mbichi. Gome. Na mumewe alikuwa amelinywa wiki nzima bila mzizi, tumbo limejifunga kama jiwe. Tukacheka sisi wawili, nakuambia kweli, tulicheka, kwa sababu mimi nina chake na yeye ana changu. Wengine wakaona, wakaanza kuonja. Kila mwanamke pale alikuwa na nusu.

Nilikuwa nalo mkononi. Nimekwisha kulifunga kwenye pembe ya leso. Ndipo Sajini akatokea na askari watatu. Nikamshika mkono, nikamwomba kwa Kiswahili, nikamwomba kwa Kiacholi, halafu nikamtukana, ndiyo, nilimtukana na sijutii. Alifungua pembe ya leso yangu kwa vidole vyake, taratibu, hata hakuichana. Akaandika.

Kesho yake saa nne asubuhi Aber aliomba maji, nikaenda kuyachota, nikarudi.

Tumemzika hapa Kawempe, kwenye ardhi ya mwenye nyumba, kwa sababu barabara ya Gulu ina vizuizi na mimi sina mwanaume wa kusimama mbele ya askari akasema hili ni jeneza la mtoto. Mtoto wa Kiacholi amelala kwenye shamba la mtu asiyejua jina la babu yake.

Sasa wewe. Nimekaa na barua yako, nimeona unauliza nani alikata kamba. Mimi nakuuliza, nani alisaga mzizi na gome vikawa rangi moja? Opoka ulipomtibu mwaka wa sabini na moja, nilikuta gome kwenye ungo wako, ni jekundu. Nakumbuka kwa sababu lilitia doa meza yangu. Limeacha lini kuwa jekundu?

Lamunu


Stoo ya Ugawaji, Kasubi
1 Aprili 1975

Kwa Mama Nabalayo

Dereva wa barua hii nimemwambia asilale njiani, na akungoje ujibu.

Mama yangu, kuna taabu imetokea. Mke wa Kapteni wetu, Bi Zubaida, alikuwa na bandama. Kapteni aliniambia nimletee dawa. Mimi kwa haki yangu nilimpelekea kifurushi kimoja, sikumpendelea, hata yeye kimoja. Jana ameanza kuendesha. Leo ni siku ya pili na hali si nzuri. Kapteni ameniuliza, Kamis, umempa nini mke wangu? Ameuliza kwa sauti ndogo. Wewe hujui maana yake akiuliza kwa sauti ndogo.

Nimekumbuka maneno yako ya kufungua na kufunga. Stoo nina vifurushi vingi lakini sivijui. Nimevimwaga mezani, nimenusa, nimepima, vyote ni kimoja. Nikimpa tena kile cha kufungua atakufa, na mimi nitamfuata. Cleopas nimemtafuta Kisugu, wanasema amekwenda kwao.

Nakuomba kama mama. Nionyeshe tofauti. Nina watoto wanne.

Kamis


Chwele, Bungoma
2 Aprili 1975

Sajini Kamis,

Cleopas yuko kwangu, amefika juzi na mfuko wa nguo, na simrudishi kwenu.

Kampala nzima kuna mtu mmoja anayejua tofauti. Anaitwa Lamunu, anakaa Kawempe nyuma ya kinu cha mahindi. Ni yule mwanamke mrefu aliyekung'ang'ania mkono. Nenda kwake. Usimtume askari, usimwite stoo. Nenda mwenyewe kwa miguu yako, ubishe hodi, na atakalokuambia ulifanye. Akikukataa, usinirudie mimi.

Mtoto wa Kawempe ulimnyima kwa daftari. Kwa mke wa Kapteni umepata gari, dereva, mafuta, na neno mama. Nimeona.

Nabalayo Wanyama


Chwele, Bungoma
2 Aprili 1975

Lamunu,

Dereva yuko nje anapiga honi. Nimemwambia barua hii akuletee wewe kabla hajamrudia bwana wake.

Sajini anakuja kwako. Mke wa Kapteni amekunywa mzizi peke yake. Ningeweza kumwandikia maneno mawili, ganzi na ukakasi, yakaisha. Nimekataa. Siri hii imekugharimu kuliko ilivyonigharimu mimi niliyeirithi, kwa hiyo ni yako. Umwambie au umfungie mlango. Ukimfungia, sitakulaumu, na nikisikia mtu anakulaumu nitamjibu.

Umeniuliza gome liliacha lini kuwa jekundu. Mwaka wa sabini na tatu. Mwanamke mmoja pale sokoni alikuwa akinunua dawa yangu ya kikohozi, anaikagua, anaitengeneza, anaiuza meza ya tatu kutoka yangu. Niliona bandama nayo itakwenda. Nikaanza kulichovya gome kwenye majivu kabla ya kusaga, ili rangi ife, lifanane na mzizi. Nilijisifu kwa akili hiyo. Cleopas nilimwapisha juu ya kaburi la mama yetu. Halafu nikakuandikia barua ile ya kamba, kamba, kamba, kwa sababu kamba ilikatwa na mtu mwingine.

Sajini hakuwa kipofu. Mimi ndiye niliyemfumba macho, yeye akaendelea kutembea.

Sikuombi unisamehe. Kikombe changu hukiamini tena, na hilo ni haki yako. Ila ujue kwamba barua yako naisoma kila siku, na pale unaposema ulienda kuchota maji, ukarudi, sijaweza kupita bila kuketi.

Nabalayo


Kawempe
8 Aprili 1975

Nabalayo,

Alikuja Alhamisi, saa tatu asubuhi, kwa miguu, kofia mkononi. Barua yako ilikuwa imetangulia kwa saa moja. Nilifunga mlango.

Alikaa nje kwenye jiwe la kufulia. Majirani walitoka wakamtazama, halafu wakaingia ndani, maana askari akikaa nje ya nyumba ya mtu hakuna anayetaka kuwa shahidi. Mimi nilikaa upande wa ndani, mgongo kwenye mlango. Nakuambia ukweli wangu, nilitaka mwanamke yule aendeshe mpaka macho yaingie ndani. Nilitaka Kapteni aende kuchota maji.

Halafu nikafikiri juu ya daftari. Lina majina mia mbili. Mke wa Kapteni ni mmoja, Kapteni ana sauti yake ndogo. Wale wengine nani atawaulizia?

Nikafungua. Nikamwambia Sajini, leta daftari lako, leta vyote ulivyotunyang'anya, leta na vile vya mezani, hapa uwanjani kwangu. Tuma lori liwakusanye watu wote walioandikwa tangu Februari. Wakifika ndipo nitasema, na nitawaambia wote, si wewe peke yako. Akasema hana amri ya kutoa lori. Nikamwambia, basi mwombe Kapteni. Lori lilipatikana kabla ya saa sita.

Walikuja wengi, sikuwahesabu. Sajini alisoma majina kwa sauti, na majina matano hayakuitikiwa. Alisita kila mara, akasoma tena, halafu akaendelea. Wanawake walikuwa wakinitazama kila aliporudia jina.

Nilianza kuonja mwenyewe, lakini ulimi ulikufa ganzi kwenye kifurushi cha nne, sikuweza tena kujua lolote. Kwa hiyo ilibidi kuwafundisha. Nikawaambia kwa Kiswahili, Amito akawaambia kwa Kiganda, kila mtu aonje chake. Ganzi kulia, ukakasi kushoto. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza nyembe sokoni alionja akatema, akasema, "Kumbe ni hili tu?" Siri yako, Nabalayo, sasa iko kwenye vinywa vya watu wa Kasubi, Kawempe na Kisugu, na yule wa meza ya tatu alikuwepo pia, nilimwona. Nilifurahi kumwona.

Bi Zubaida aliletwa kwa gari. Sajini akataka apite mbele. Nikamkatalia. Nikamwambia, jina lake ni la ngapi? Akatafuta, akasema la mia na sitini na mbili. Nikasema basi angoje mia na sitini na moja, si wewe wa sawasawa? Mwanamke mwenyewe alishuka garini. Walimketisha chini kwenye mkeka, msichana mdogo kuliko nilivyodhani, midomo ile ile ninayoijua. Amito ndiye aliyekuja akanishika bega, akasema, "Mpe, Lamunu. Huyu hakuandika daftari." Nikampa. Nimesikia amepona. Sikutaka kumpa na sitakudanganya kwamba nilitaka.

Wewe mwenyewe nina neno nawe na halijaisha. Utaleta tena dawa, kwa sababu hapa hatuna kingine. Lakini gome liwe jekundu kama Mungu alivyolifanya, na juu ya kila jani uandike, kwa Kiswahili cha kusomeka, hiki siku ya kwanza, hiki siku ya nne. Wakikuibia, wakuibie. Ukiniletea tena unga wa rangi moja nitaumwaga barabarani mbele ya watu na kutaja jina lako. Na pole yako usiniandikie. Sina pa kuiweka.

Jambo la mwisho. Watu walipoondoka, Sajini alibaki na daftari lake juu ya pipa. Roho ilikuwa imemrudia, anatabasamu, jasho linakauka. Akasema, "Mama, umeniokoa, na mimi si mtu wa kusahau. Tazama, ni Aprili. Mgonjwa wako ana haki ya kifurushi cha pili." Akaninyooshea gome. Kalamu alikuwa amekwisha iweka kwenye mstari wa Aber.

Hakuwa ananidhihaki. Hakujua. Wewe hukumwambia, mimi sikumwambia, na yeye mwenyewe hakuwahi kuuliza.

Nikamwambia afute jina. Akasema jina halifutwi hivi hivi, lazima iandikwe sababu, ndiyo kanuni. Nikamwambia aandike. Akainama, akauliza aandike nini.

Nikasema, "Andika: alipewa kimoja."

Akaandika. Alipomaliza neno la mwisho alilisoma, akalisoma tena, na kalamu ikabaki pale pale kwenye karatasi. Nilimwacha uwanjani nikaingia ndani.

Lamunu